Walimpongeza Mama kwa Kukonda

Kama umeanza dripu za saratani, na anayekupikia ni mama yako mzazi, weka haya maandishi chini kwanza. Nenda jikoni ukamwangalie anavyokula. Usimuulize kama amekula, maana atakujibu kwamba amekula. Kaa mbele yake, mwangalie anavyotafuna, mwangalie anavyomeza. Ukishamwona amemeza, rudi tuendelee.

Naitwa Nakunda. Mimi ni fundi cherehani hapa Same mjini, mume wangu ni fundi magari, na tuna mtoto mmoja, Upendo, ambaye wakati haya yanaanza alikuwa na miaka minane. Niliugua saratani ya titi, nimetibiwa, na madaktari wanasema sasa niko salama. Wenzangu wa kliniki wameniomba niandike ili wanaoanza wajue kinachowangoja. Wanataka niandike ya kutia moyo. Yapo machache, nayo nitayasema. Lakini mimi nimebaki na mama yangu amelala Suji, kwetu mlimani, chini ya migomba, kwa hiyo asitegemee mtu kwamba nitaimba mapambio hapa.

Uvimbe niliukuta kiangazi, joto la Same likiwa limetukausha mpaka midomo inapasuka. Nilikuwa naoga. Sitaeleza vipimo, wenye kazi yao watakueleza. Nitakachokueleza ni kungojea, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba ugonjwa huu kwa sehemu kubwa ni kukaa kwenye benchi. Unapanda basi la Moshi alfajiri, unafika, unatoa kadi, unakaa. Juu yako feni inazunguka kwa kujivuta. Mbele yako televisheni imezimwa sauti na mtu anapika keki. Wanawake wamejipanga na kanga zao, na kila anayeingia mnamwangalia kifuani kabla ya usoni, mnataka kujua limebaki moja au yote mawili. Mara ya kwanza nilichukia sana kuangaliwa hivyo. Mara ya tatu na mimi nilikuwa naangalia.

Nilikatwa titi la kushoto kabla ya masika. Niliporudi nyumbani nimefungwa bandeji kama mzigo wa bizari, mama alikuwa ameshashuka kutoka Suji. Alikuja na mkungu wa ndizi, dumu la maziwa, chupa ya samli, na mzigo wa kuni, kana kwamba Same hakuna kuni. Mume wangu akampokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Godoro lako lihamishie sebuleni."

"Sebuleni? Kwa nini, mama?"

"Chumba hiki ni cha mzazi sasa."

Mume wangu akacheka, akidhani ni utani. "Mama, huyu hajajifungua, kafanyiwa upasuaji."

"Kakatwa mwili, katoka damu, kalala hospitali wiki nzima. Ulitaka ajifungue nini zaidi?"

Mume wangu alihamisha godoro. Kwa mama hakuna aliyewahi kushinda mabishano ya aina hiyo.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana mengine yote yanatoka humo. Kwetu Suji mwanamke akijifungua hatoki nje. Anawekwa ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa mtori wa ndizi na supu na uji wa samli, hashiki ufagio wala ndoo. Anayemfanyia yote hayo tunamwita mlezi. Kulelewa kukiisha, mzazi anatolewa nje kwa sherehe, amevaa nguo mpya, na wanawake wanamzunguka kuona kama kweli alilelewa. Mashavu yakiwa yamejaa, wanamgeukia mlezi. Mzazi anatakiwa awe amenenepa na mlezi awe amekonda. Mlezi anayetoka na minofu yake ananong'onwa kwamba mtori ulikuwa unaishia kwake. Mlezi aliyekonda anaimbiwa, anapewa hongera na kitenge.

Mama alikuwa na vitenge vingi vya hongera. Alikuwa mlezi anayeitwa hata na watu wasio ndugu zetu, na watoto wengi wa pale mlimani alianza kuwaosha yeye kabla mama zao hawajawaosha. Baba alifariki nikiwa darasa la nne na mdogo wangu Elia hajaanza shule. Mama akabaki na shamba lililosimama kama ukuta, ng'ombe mmoja, na sisi. Alikata majani ya ng'ombe chini bondeni akayapandisha kichwani, akauza maziwa, akatusomesha. Simkumbuki akiwa amekaa na mikono mitupu. Hata ibadani mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua kitambaa. Alikuwa mkali, tena mkali kweli, na nilichapwa kwa makosa ambayo mpaka leo sijayaelewa. Ukali huo ulikwisha siku alipompata Upendo. Kwa mjukuu akageuka siagi. Upendo alipozaliwa alilala kifuani kwa bibi yake kuliko kwangu, na kila likizo alipandishwa Suji akarudi hasikii la mtu, amezoea kupewa kila anachonyooshea kidole.

Dripu ya kwanza ilikuja na mvua ya kwanza ya masika. Ni ile dawa nyekundu, wanaojua wanajua. Siku mbili za mwanzo nilijiona shujaa. Baadaye kila kitu kikawa na ladha ya msumari: maji, mate yangu mwenyewe, hata harufu ya nguo. Nywele zilitoka kabla ya dripu ya pili, zikabaki kwenye mto kama manyoya ya kuku. Mama alinikalisha kwenye kigoda akaninyoa zilizobaki kwa wembe, taratibu, akaniosha kichwa kwa maji ya vuguvugu, akakipaka samli. Akasema nimerudi kuwa kama siku niliyozaliwa, kipara na kelele.

Kucha zilikuwa nyeusi. Mkono wa kushoto ulivimba, nikashindwa kushika kitambaa mbele ya sindano, na mashine ikafunikwa shuka. Kwa yote hayo sikulia. Nililia siku ya kwenda kanisani, nilipovaa gauni likabonyea upande mmoja. Mama alichukua kipande cha kanga, akashona kifuko cha duara, akakijaza mtama. Akakipima mkononi, akalipima na titi langu la kulia kwa mkono mwingine bila aibu yoyote, akapunguza mtama kidogo, akafunga. Kilikaa sawasawa. Nilikivaa miezi mingi, na siku moja nilipokianika uani kuku wa jirani walikitoboa wakala nusu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hayo ndiyo machache ya kutia moyo niliyokuahidi, na yote aliyaleta yeye.

Sasa nikueleze alivyokuwa anakula, au tulivyodhani anakula.

Mlezi hali na mzazi. Anamlisha kwanza, kisha anakula kilichobaki, jikoni, akiwa peke yake. Hiyo kwetu ni heshima, na hakuna anayemfuata mlezi jikoni kumwangalia. Wakati wa dripu ya kwanza tulikula makande, na mama aliyala, hilo nina hakika nalo, kwa sababu alilalamika kwamba mahindi ya Same hayaivi. Kufikia dripu ya tatu aliacha makande. Mpare aliyeacha makande! Nilimtania, akaniambia meno yake yamezeeka. Akaacha ugali, akasema joto la huku tambarare linamkata hamu. Akawa anakunywa majimaji ya juu ya mtori wangu, na sahani yake ya chakula inahamia kwa Upendo. Upendo alipenda sana. Alikuwa anakula chake mezani, kisha anakwenda jikoni kula cha bibi, na bibi anamwangalia anavyokula huku akimfuta mdomo. Kila mtu aliona ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu. Na yalikuwa mapenzi. Ndiyo maana yalificha vizuri namna ile.

Nilimwuliza. Usidhani sikumwuliza. Nilimwuliza kwenye dripu ya tatu, ya nne na ya tano, na kila mara alinijibu kwa hasira kwamba mzazi hakagui sufuria ya mlezi wake. Akaanza kuvaa kanga mbili, ya tatu akaifunga kiunoni, akasema ni baridi ya kipupwe. Same huwa kuna baridi wakati wa kipupwe, lakini si ya kanga tatu.

Katikati ya dripu zangu mke wa Elia alijifungua huko Maore. Elia alipanda mpaka Same kumchukua mama akamlee mke wake, ilivyokuwa haki yao. Mama alikataa.

"Mama wewe ni wetu sote," Elia alisema, amesimama mlangoni hataki kuketi. "Mke wangu ana mtoto mchanga na anajichotea maji mwenyewe. Watu wanatucheka."

"Wacheke. Wa kwako yuko hai na mtoto yuko hai. Huyu sijui."

Nilikuwa nimelala chumbani nasikia yote. Elia aliondoka bila kunywa hata chai. Mama aliingia chumbani na bakuli la mtori kana kwamba hakuna kilichotokea, akanikalisha, akanilisha. Kijiko baada ya kijiko alikuwa anafungua mdomo wake mwenyewe kidogo, kama anavyofanya mtu anayemlisha mtoto. Nilikula lote ili asije akapoteza na mimi na Elia kwa siku moja.

Wanawake wa kanisani kwetu Suji walishuka kuniona dripu ya tano ilipopita. Walikuja na unga, ndizi na maziwa, kama wanavyokwenda kwa mzazi. Aliyewaongoza ni mama mdogo Nakiete, mdogo wake mama wa tumbo moja. Wakanikagua. Nilikuwa nimeanza kunenepa, sehemu kwa dawa na sehemu kwa samli, uso umekuwa duara. Wakapiga vigelegele. Kisha wakamgeukia mama. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, mkono wake ungeweza kuuzungushia vidole viwili.

"Huyu ndiye mlezi!" mama mdogo akasema, akiushika mkono ule na kuuinua juu wenzake waone. "Mmeona kulea? Amemwaga mwili wake wote kwa mwanawe. Hongera, dada! Hongera sana!"

Wakamwimbia. Mama alikuwa anatabasamu, macho yameingia ndani, na alikuwa anafurahi kweli, hakuwa anaigiza. Nauona mkono ule kila siku. Watu zaidi ya kumi, wengine wamezika wagonjwa wao wa saratani, walimwangalia mwanamke anayekufa njaa mbele yao wakampigia makofi. Watu wananiambia nisijilaumu. Sijilaumu. Nina hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda, kwa sababu waliokuwa wanapiga makofi walikuwa wanampenda kuliko mtu mwingine yeyote.

Dripu ya sita ilikuwa ya mwisho. Mama akatangaza kwamba nitatolewa nje, na nitatolewa Suji, nyumbani, kwa utaratibu wote. Tulipanda mlima kipupwe kikiishia, ukungu bado umekaa juu ya migomba. Mbuzi alichinjwa. Nilishonewa gauni la kitenge, nikafungwa kilemba juu ya vinywele vilivyoanza kuota kama vya mtoto, nikatolewa mlangoni na wanawake wakilia kwa furaha. Elia alikuja, na mke wake, na mtoto mgongoni. Tuliongea kidogo. Nilidhani yote yamekwisha. Nilisimama juani nikafikiri, basi, nimepita.

Siku ya kutoa mzazi, mlezi hupewa sahani yake, na sahani hiyo anakula mbele ya watu wote. Ni shukrani. Anawekwa kwenye kiti, mzazi anapiga magoti anampa ubavu wa mbuzi kwa mikono miwili, na hakuna anayegusa chakula mpaka mlezi ameonja. Nilipiga magoti nikampa mama. Akaniangalia muda mrefu. Nilidhani ni furaha.

Alichukua kipande kidogo. Akatafuna. Watu wakaimba. Akaendelea kutafuna, anatabasamu, anatafuna, na wimbo ukaisha bado anatafuna. Mama mdogo akasema kwa sauti, "Dada, meza basi, sisi tuna njaa!" Watu wakacheka. Mama akachukua kikombe cha maji akanywa ili kusukuma, na maji yote yakarudi kupitia puani. Akakohoa, akashika shingo, nyama ikaanguka kwenye gauni langu jipya. Kuna waliokuwa bado wanacheka, wakidhani alikuwa na haraka. Elia akaruka akamshika. Kanga ya juu ikafunguka, na ya pili, na hapo wote tukaona kilichokuwa kimebaki ndani ya zile kanga.

Safari hii mimi ndiye niliyeshika kadi na yeye ndiye aliyekaa kwenye benchi. Feni ileile, televisheni ileile. Sista aliyenizoea aliniuliza nimefuata nini na mimi nimeshamaliza, nikamwonyesha mama kwa kidole. Walimmezesha mpira wa kuangalia koo. Daktari, kijana mpole, alituita mimi na Elia akasema njia ya chakula imeziba karibu yote, na ugonjwa umeshasambaa. Elia akauliza kama tungewahi. Daktari akaangalia meza yake, akasema dalili za kukwama kwa chakula huwa zinaanza miezi mingi kabla.

Wakamwekea mpira wa kulishia tumboni, wakatupa dawa ya maumivu, wakaturudisha nyumbani. Hakutaka Same. Tukampandisha Suji, na mimi nikahamia huko na Upendo, mume wangu akawa anakuja kila mwisho wa wiki amebeba mafuta ya taa na sabuni. Nililea. Nilikuwa napika uji mwembamba, nauchuja kwenye kitambaa, naupitisha kwenye mpira kwa bomba la sindano. Mama alikuwa anautazama ule mpira kwa dharau. Alisema chakula kisichopita mdomoni si chakula, ni mbolea.

Siku moja vuli imeanza, mvua nyembamba inaloweka migomba, nilimwuliza kwa nini hakusema. Nilimwuliza kwa ukali. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka anijibu kabla hajanikimbia.

"Ningesema, ungefanya nini?" Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza.

"Tungekuleta hospitali! Tungekaa wote wawili pale kwenye benchi!"

"Na dripu yako nani angekupeleka? Nani angekupikia? Huyu mumeo anayechemsha maji mpaka yanaungua?" Akapumzika. "Nakunda, umeshamwona mtu anafunga maji ya mfereji ya mwenzake katikati ya zamu? Shamba linanyeshewa nusu, lote linakufa. Ile ilikuwa zamu yako."

"Na yako ilikuwa lini, mama?"

Alifumba macho, na nilimwona mkono unakunja na kukunjua ncha ya shuka. Wanaonisikia nikisimulia haya husema ni maneno mazuri sana ya mama. Kwangu si mazuri. Nimeyageuza kila upande sijaona pa kuyashika. Sikumwomba anipe uhai kwa bei hiyo, na hakunipa nafasi ya kukataa.

Elia naye alikuwa na lake. Aliniambia shambani, tukikata majani ya ng'ombe wa mama, na hakuinua sauti. "Wewe ulikuwa unanenepa, yeye anakwisha. Umemla mama, dada." Kisha akaendelea kukata majani. Hilo ndilo neno ambalo kwetu anaambiwa mlezi mwizi, na yeye alilirusha kwa mgonjwa, na nilijua alikuwa anasema anachokiona. Tulibeba majani tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma. Tangu siku hiyo tunasalimiana, tunasaidiana, mtoto wake namshonea nguo. Lakini neno lile halijatoka kati yetu, na sidhani kama litatoka.

Mwishoni mama alikuwa mwepesi hivi kwamba Upendo aliweza kumgeuza kitandani. Mtoto wangu alijifunza kumgeuza bibi yake kabla ya kujifunza kupika chai. Siku moja alikataa kula. Alikaa na sahani yake mlangoni, akasema hali tena, bibi ndiye ale. Nikamwambia bibi hawezi. Akasema, "Si ndiyo, kwa sababu mimi nilimmalizia." Niliacha kila kitu nikamkumbatia, nikamwambia si hivyo, nikamwambia mara nyingi. Mama alisikia. Alimwita Upendo kwa kidole, akamkalisha kitandani, akamwelekeza kwa ishara achukue sahani, na mtoto akala huku akilia, bibi akimfuta mdomo kwa kanga. Hicho kilikuwa chakula cha mwisho ambacho mama alimwangalia mtu akikila.

Alifariki masika yalipoanza tena. Mama mdogo Nakiete hakuongoza nyimbo siku ya mazishi. Alikaa chini kwenye matope nje ya jiko, ameshika mkono wake mwenyewe hapa juu ya kiwiko. Nilipompita aliniambia, "Niliuinua, Nakunda. Mimi ndiye niliyeuinua." Nikamwambia, "Ndiyo, mama mdogo." Sikuwa na huruma ya ziada siku hiyo, ilikuwa imekwisha yote.

Mimi bado naenda kliniki ya kuangaliwa. Kila mara wananiambia niko sawa, na kila mara natoka na karatasi ile nikiwa sina mtu ambaye nataka aione kwanza.

Mara ya mwisho nilikuta binti wa dripu ya pili, kipara kipya kinang'aa, amekuja na mama yake. Wametoka kwenye vijiji vya upande wa Ziwa Jipe, walikuwa wamesafiri toka jana. Yule mama alikuwa mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka. Alikuwa amefungua kibakuli anamlisha binti wali kwa kijiko, na kila kijiko anafungua mdomo wake kidogo. Kwenye mfuko walikuwa na maandazi. Alimpa binti moja, akafunga mfuko.

Nikamsalimia. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Na wewe mama, umekula nini leo?"

"Mimi? Mimi nimeshiba. Ale huyu."

Nikamwambia, "Mama, naomba ule andazi moja." Akacheka, akasema hana njaa. Nikamwambia tena. Binti akaniangalia kama mwendawazimu, na benchi zima likageuka. Nikapiga magoti pale sakafuni, mbele ya watu, nikafungua mfuko wao bila ruhusa, nikatoa andazi nikampa kwa mikono miwili. Nikasema, "Nakuomba. Ule nikikuona."

Yule mama akaniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akalipokea, akalikata kwa meno, akatafuna, akameza. Akakata tena. Alikula polepole, kwa adabu, bila maji, na mimi nimepiga magoti namwangalia shingo kila kipande kikishuka, mpaka likaisha. Akajifuta mikono akasema, "Haya, nimekula. Umeridhika?"

Nikamshukuru. Nikainuka, nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya jengo wanakoanika mashuka. Lilikuwa andazi moja tu, na halikuchukua hata muda wa kumwita mgonjwa mmoja. Nikashika ukuta nikalia mpaka sista akaja kunitafuta, kwa sababu jina langu lilikuwa limeshaitwa.